Ukifika Guangzhou, usitoe pesa kwa sababu tu mtu anaongea Kiswahili

Wenzangu wa Kariakoo wanaokwenda China kwa mara ya kwanza huniuliza bei na usafirishaji wa mzigo. Matapeli hawawaulizii, na hapo ndipo wengi wanapolizwa.

Kwanza teksi. Unampa dereva noti ya yuan 100, anaigeuzageuza, kisha anakurudishia akidai ni feki. Unatoa nyingine, nayo inarudi. Kumbe zako halali ameshazificha, na alizokurudishia ndizo feki. Dada mmoja niliyesafiri naye alishuka na noti tatu zisizoweza kumnunulia hata maji. Tangu hapo, kabla sijatoa noti ya 100 namsomea dereva kwa sauti tarakimu nne za mwisho za namba ya noti hiyo. Afadhali zaidi ulipe kwa simu: siku hizi Alipay na WeChat zinapokea kadi za benki za kigeni. Iunganishe kadi yako ukiwa bado nyumbani, ambako laini yako inapokea ujumbe wa uthibitisho bila shida.

Pesa badilisha benki, kamwe si barabarani.

Kisha Xiaobei, mtaa wanaofikia Waafrika wengi. Utaitwa "kaka, mambo vipi!" na moyo utatulia. Wengi ni watu wema kweli, wamenisaidia sana. Ila wapo wanaowinda wageni wa kwao. Atakupeleka kwa "bosi wa kiwanda", mtakunywa chai, mwishowe utaambiwa utume malipo ya awali kwenye akaunti ya mtu binafsi. Kataa, hata akinuna. Omba leseni ya biashara: kampuni ya China ina namba ya usajili yenye tarakimu na herufi 18 kwa jumla, na jina la kwenye leseni lifanane na la akaunti. Tanguliza asilimia 30, salio ulimalize ukishaukagua mzigo. Ikija barua pepe kwamba akaunti imebadilika, piga namba uliyopewa mkononi dukani, si iliyoandikwa humo.

Ukifikia nyumbani kwa mtu, sheria inataka ujiandikishe polisi ndani ya saa 24. Ukiwa hotelini, hoteli hukuandikisha yenyewe. Nalisisitiza hili kwa sababu asiyeandikishwa akitapeliwa huogopa kupiga 110 kuita polisi, na matapeli wanalijua hilo vizuri.