Hemu iliyobaki: ni kiporo, makombo au mabaki?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nafanya kazi jikoni kwenye nyumba ya wageni huku Njiro, Arusha. Kila baada ya Krismasi na Pasaka tunabaki na vipande vingi vya ile nyama ya nguruwe iitwayo "ham" kwenye friji. Safari hii nimeandika karatasi ya kubandika ukutani ili wenzangu wajue cha kupika nayo kabla haijaharibika. Kichwa chake ni "Njia rahisi za kutumia juu makombo ya hamu", na chini nimeonya: "Usiache hamu nje baada ya saa mbili". Wenzangu wamecheka. Mmoja anasema makombo ni ya mbwa, mwingine anasema hicho ni kiporo. Wa tatu, ambaye ni Mwislamu, ameuliza hamu ni kitu gani, maana yeye anajua hamu ya kula. Nisaidie nisibandike makosa.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wenzako wote watatu wana hoja. Naanza na huyo wa tatu, kwa sababu swali lake ndilo zito kuliko yote.

Hamu tunayo tayari. Ni shauku, ni ile hali ya moyo kukitaka kitu. Tunasema nina hamu ya kuwaona wazazi, chakula kinatia hamu, mgonjwa hana hamu ya kula. Ukiandika "makombo ya hamu" msomaji anaona maneno mawili anayoyafahamu vizuri, ila hapati maana. Ukiongeza na kuandika "hamu ya nguruwe" mambo yanaharibika zaidi, maana sasa inasomeka kwamba jikoni kuna mtu anayemtamani nguruwe.

Umbo zuri la neno hili la mkopo ni hemu. Sikiliza jinsi lugha yetu ilivyoyapokea maneno mengine yenye sauti hiyohiyo ya Kiingereza, ile iliyo katikati ya a na e: benki, begi, gesi, teksi, meneja, bendeji. Yote yameangukia kwenye e. Yapo yaliyobaki na a, kama tanki na plastiki, lakini hayo hayakukuta neno letu limekaa mahali pao. Hamu ipo, kwa hiyo mgeni akae pembeni kidogo, aitwe hemu. Liweke katika ngeli ya i-zi, pamoja na soseji: hemu hii, hemu imebaki, hemu zimeletwa.

Kama hutaki mkopo, sema paja la nguruwe lililotiwa chumvi. Ni refu, lakini halidanganyi, kwa kuwa hemu ni hivyo hasa: paja la nyuma la nguruwe, likasuguliwa chumvi au kulowekwa katika maji ya chumvi, na mara nyingi likakaushwa kwa moshi. Hata wenye neno lao walianzia mguuni. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa jina la nyuma ya goti, na Wafaransa wanasema jambon, kutokana na jambe, yaani mguu. Kwa hiyo anayesema "paja" hajapungukiwa na chochote.

Usiandike kitimoto. Najua jikoni ndilo linalotoka mdomoni kwanza, lakini kitimoto ni nyama mbichi ya nguruwe iliyokaangwa au kuchomwa, ikaletwa mezani na ndizi, kachumbari na pilipili. Haikutiwa chumvi wiki nzima wala haikupitia moshi. Mpishi mgeni akisoma "kitimoto kilichobaki" ataweka chumvi kama alivyozoea, na chakula hakitalika.

Sasa huyo mwenzako Mwislamu. Alipouliza hamu ni nini hakuwa anatafuta dosari ya tahajia. Alikuwa anauliza kama kuna kitu anachokishika kila siku bila kujua ni nini. Kwa hiyo hata ukiandika hemu kwa usahihi, andika pia neno nguruwe, wazi, kwa herufi zinazosomeka kutoka mlangoni. Neno jipya lina tabia ya kufunika kitu, na katika jambo hili hakuna anayestahili kufichwa ukweli. Binafsi ningeandika "hemu ya nguruwe" kila mahali, hata kwenye kibandiko cha bakuli ndani ya friji.

Tuje kwenye makombo. Mwenzako wa kwanza kasema ukweli. Makombo yana undugu na kitenzi komba, kile cha kukomba sufuria kwa kidole au kwa mwiko mpaka ing'ae. Ni vile vilivyobaki kwenye sahani baada ya mtu kula: mfupa ulioguguniwa, tonge lililoachwa, punje za wali pembeni. Mkono wa mlaji umeshapita. Ndiyo maana huenda kwa mbwa na kuku, na mtu akilalamika "mimi wananiletea makombo" hazungumzii chakula tena, anazungumzia kudharauliwa. Hemu yako haijaguswa na mgeni. Iko kwenye friji, imefunikwa. Kuiita makombo ni kuionea.

Mabaki si kosa la sarufi, ila masikio ya leo yanalisikia vingine. Redio inasema mabaki ya ndege iliyoanguka, mabaki ya mwili, mabaki ya mji wa kale. Ukilileta jikoni linakuja na ubaridi wake. Masalio na masazo yapo pia, sahihi kabisa, lakini sijamsikia mpishi wa Arusha wala Moshi akiyatumia mbele ya jiko, na salio limeshahamia kwenye simu na benki.

Kiporo ndiko kwenye utamu. Kiporo ni chakula kilichopikwa nyumbani, kikabaki sufuriani, kikalala, kikaliwa kesho yake. Vitu vyote vinne lazima viwepo. Pwani na visiwani wazee wanacho pia kwa jina la mwiku, na wengine husema uporo. Hakina aibu. Waulize watoto wa huku kwetu ni chai gani ya asubuhi wanayoipenda, wengi watakutajia chai ya rangi na wali maharage wa jana uliopashwa, au makande yaliyolala, ambayo kwa maoni yangu siku ya pili ndiyo yanakuwa makande kweli, mahindi yakishanywa mchuzi. Neno limependwa mpaka likatoka jikoni: mashabiki wa mpira wanahesabu viporo vya timu yao, yaani mechi ambazo hazikuchezwa kwa wakati wake.

Je, hemu yako ni kiporo? Inategemea. Lile paja mlilolioka sikukuu, likakatwa, likabaki nusu, kesho yake ni kiporo halali. Vipande vilivyonunuliwa dukani vikiwa tayari, mkafungua pakiti na kutumia vichache, hivyo si kiporo hata vikikaa siku tatu, kwa sababu jiko lenu halikuvipika. Hivyo ni hemu iliyobaki, basi.

Na ujihadhari na kitenzi lala. Chakula cha nyumbani kikilala ni kiporo, lakini ukimwambia mwenye bucha "nyama yako imelala" umemtukana. Maana yake nyama si ya leo, anakuuzia ya zamani.

Umeona jinsi nilivyosema "hemu iliyobaki"? Hapo ndipo Kiswahili kinapojisikia nyumbani. Kwa jambo hili lugha yetu inapenda kitenzi kuliko nomino, na kitenzi kinabeba habari nyingi. Nitakupa mfano wa nyumbani. Desemba, ndugu wakipanda kutoka mijini kuja Kibosho, bibi alikuwa anapika machalari kwenye sufuria kubwa, ndizi na nyama, mvuke wake unajaa jiko lote. Sisi watoto tukishapewa, alikuwa anachukua sahani moja ya bati, anaijaza, anaifunika kwa sahani nyingine, anaiweka juu ya rafu na kusema, "Hiyo nimembakizia babu yenu." Hakuna aliyeigusa. Chakula kile hakikuwa makombo, na hakikuwa kiporo hata babu alipochelewa mpaka usiku. Kilikuwa fungu la mtu. Asubuhi yake, kile kilichobaki chini ya sufuria, ambacho hakuna aliyekipanga, ndicho kilichoitwa kiporo, na hicho tulikigombania.

Kubaki, kubakiza, kubakizia. Cha kwanza kimetokea chenyewe, cha pili kina mtu aliyekusudia, cha tatu kina mtu aliyekusudia na mwingine aliyekumbukwa. Wenye shibe nao wana chao: tumekula tukasaza. Ukimwandikia mpishi "hemu iliyobaki" na "hemu uliyombakizia mgeni wa chumba cha pili" umemwambia mambo mawili tofauti kabisa, na la pili litamzuia asiipike.

"Kutumia juu" kifute leo hii. Hicho ni Kiingereza, "use up", kilichovaa kanga. Sisi tuna malizia. Kumaliza ni kufikisha mwisho, kumalizia ni kuushughulikia ule mwisho uliobaki: malizia uji, malizia kazi, malizia hemu. Kiambishi kimoja tu katikati, na maana yote uliyoitafuta imeingia.

Na kuna kitenzi kingine ambacho karatasi yako inakihitaji kuliko vyote: kuunga. Kupasha moto ni kukirudishia chakula joto lake, kinabaki kilekile cha jana. Kuunga ni kukaanga kitunguu, kutia nyanya, karoti, hoho labda, halafu ukamimina ndani kile kilichokwisha kupikwa. Maharage ya kuchemsha yakiungwa yanapanda daraja. Kwa desturi zetu mgeni hapewi kiporo, na nadhani hapo ndipo wenzako walipoona haya. Lakini chakula kilichoungwa upya ni chakula kipya, unakipeleka mezani bila wasiwasi. Wali wa jana ukiungwa na vipande vya hemu na karoti hauitwi kiporo tena na mtu yeyote.

Chipsi mayai huna haja ya kufundishwa: tupia vipande vya hemu kwenye yai kabla halijashika. Mfupa wa paja usiutupe, uchemshe na makande tangu mwanzo, na chumvi usiweke hata chembe mpaka uonje. Hemu imekuja na chumvi yake. Hapo chagua neno kwa uangalifu: usiandike "weka chumvi kidogo", maana kila mpishi ana kidogo yake. Andika "usitie chumvi, onja kwanza".

La mwisho ni onyo lako, nalo linaweza kumdhuru mtu. "Usiache hamu nje baada ya saa mbili." Mpishi wa zamu ya jioni akisoma hapo ataelewa saa mbili usiku, kwamba kabla ya hapo hemu inaruhusiwa kukaa mezani. Wewe ulikusudia muda. Kwa sababu hiyohiyo watu wengi wamezoea kusema masaa mawili, wakitenganisha muda na saa ya ukutani. Nawaelewa, ila katika Kiswahili sanifu saa haibadiliki katika wingi, na njia ya kutenganisha ipo: muda wa saa mbili. Huo ndio muda ambao Shirika la Afya Duniani linasema chakula kilichopikwa kisizidishe nje. Friji iwe chini ya nyuzi 5, na kikipashwa kipite nyuzi 70, mpaka katikati kitoe mvuke. Hemu iliyokatwa vipande imalizwe ndani ya siku 3 hadi 5. Ikipita hapo usiseme imechacha, hilo ni la maharage, maziwa na mchuzi unaotoa povu lenye uchachu. Nyama huvunda, kisha huoza.

Karatasi yako ningeiandika hivi:

MALIZIA HEMU ILIYOBAKI
Hii ni nyama ya nguruwe. Ina kisu chake na ubao wake.
Isikae nje zaidi ya muda wa saa mbili. Andika tarehe kwenye bakuli.
Asubuhi: chipsi mayai au mayai ya kukaanga na hemu.
Mchana: wali wa jana, uunge na kitunguu, karoti na hemu.
Mfupa: chemsha na makande.
Usitie chumvi, onja kwanza.
Iliyobakiziwa mgeni ina jina juu yake. Usiipike.