Ukitaka kuielewa bainari, anza na kete

Katika mtihani wangu wa kwanza chuoni kulikuwa na swali dogo: andika 13 kwa bainari, yaani kwa tarakimu 0 na 1 tu. Nikafanya kama tulivyokaririshwa. Nikagawanya kwa mbili, nikagawanya tena mpaka mwisho, nikayapanga mabaki: 1011. Nikakosa, maana 1011 ni 11. Mabaki nilikuwa nimeyasoma kutoka juu kushuka, kumbe husomwa kutoka chini kupanda. Mwalimu alitwambia hivyo darasani, ila sababu hakuitoa, na mimi jambo nisilolijua sababu yake halinikai kichwani.

Likizo ile nikarudi nyumbani Mikindani. Mjomba wangu ana bao la kuchonga, lile la mashimo 32 na kete 64 za komwe, linakaa barazani. Adhuhuri moja, wachezaji hawajafika, nikalivuta. Nikatumia safu moja tu, mashimo manane. Shimo la kulia kabisa nikalipa thamani ya 1, la pili yake 2, kisha 4, 8, 16, 32, 64, na la kushoto kabisa 128. Mjomba akarudi kutoka msikitini akanikuta nimeinama.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Bao gani hilo la mtu mmoja?"

Nikamweleza: kila shimo ama lina kete moja ama ni tupu. Zikikutana mbili, unaziokota zote, moja unaitia shimo la kushoto, nyingine unairudisha kwenye akiba. Akatazama kidogo, akasema, "Kwa hiyo shimo haliruhusiwi kulala na kete mbili."

Sentensi hiyo ndiyo ninayofundishia hadi leo, jioni, vijana wanaokuja kwangu tuisheni hapa Mtwara mjini. Hesabu yote ya bainari imo humo.

Jaribu na wewe. Tia kete 13 zote kwenye shimo la kulia, kisha zipange mbilimbili. Unapata jozi sita, na moja imekosa mwenzake: hiyo inabaki palepale. Kila jozi inahama kushoto ikiwa kete moja, kwa hiyo shimo la pili linapokea sita. Hizo ni jozi tatu kamili, habaki mtu, shimo linakuwa tupu. Tatu zinaingia shimo la tatu: jozi moja, na moja inabaki. Ile jozi inakuwa kete moja kwenye shimo la nne. Sasa soma bao kutoka kushoto, shimo lenye kete ni 1, tupu ni 0: 1101. Umegawanya kwa mbili mara kadhaa bila kushika kalamu, na umeona baki la kwanza lilikaa kulia kabisa. Ndiyo maana kwenye karatasi linaandikwa mwisho. Kijana aliyeliona hili kwa macho yake sijamwona akikosea tena upande wa kusoma.

Kujumlisha ni vilevile. Weka 13, yaani 1101, halafu juu yake mwaga 11, yaani 1011. Hapa nayaita mashimo kwa thamani zake. Shimo la 1 lina kete mbili: moja inahama, linabaki tupu. Shimo la 2 lilikuwa na moja, imefika ya pili: tupu, moja inahama. Shimo la 4 hivyohivyo. Shimo la 8 lina mbili zake, na imekuja mgeni, jumla tatu: moja inabaki, moja inaingia shimo la 16. Soma: 11000. Ni 24. Fanya hesabu kumi za namna hii kwa mkono kabla hujagusa karatasi. Huna bao? Chora mashimo mchangani, tumia korosho.

Wengi hudhani kuhesabu kwa kumi ndiyo asili ya namba, na mengine ni mambo ya mashine. Sisi watu wa Kusini tusingepaswa kushangaa. Wamakonde na Wayao huhesabu kwa tano: kwa lugha zao sita ni tano na moja, saba ni tano na mbili. Muulize bibi yako akuhesabie, kisha uitazame heksadesimali. Hapo unahesabu kwa kumi na sita, na kwa kuwa tarakimu zinaisha kwenye 9, herufi A hadi F zinashika nafasi ya 10 hadi 15. Gawa safu ya mashimo manane katikati, kila nusu inaandikwa kwa alama moja. 0100 na 1101 zinakuwa 4 na D. 4D ni 77, na 77 ndiyo namba ambayo kompyuta huitunzia herufi M, ile ya Mtwara. Oktali, yaani kuhesabu kwa nane, hugawa kwa mashimo matatumatatu; utakutana nayo kwenye ruhusa za mafaili ya Linux, mfumo endeshi wa kompyuta, 755 na wenzake, na ukishaielewa heksadesimali haitakusumbua.

Namba hasi ndizo zinazowatoa watu jasho. Jaza mashimo yote manane, kete moja kila shimo: 255. Ongeza moja kulia. Shimo la kwanza linabaki tupu, la pili linabaki tupu, mpaka kete ya mwisho inadondoka nje ya bao, na safu nzima imebaki tupu. Namba ambayo ukiiongezea moja inakuwa sifuri ni ipi? Hasi moja. Kwa hiyo kompyuta inayotumia biti nane (kila biti ni kama shimo moja) kwa namba zinazoweza kuwa chanya au hasi huandika hasi moja kama 11111111. Ile kanuni ya "geuza biti zote kisha ongeza 1" inatoka hapo. Tano ni 00000101; ukiigeuza inakuwa 11111010, na zikikutana zinajaza mashimo yote manane, kwa hiyo inabaki kuongeza moja tu safu ifutike: hasi tano ni 11111011. Ongeza 00000101 uone safu inavyofutika.

Kuhusu desimali nitasema moja tu, kwa anayetaka kuandika programu ya duka. Moja ya kumi haiandikiki kamili kwa bainari, kama theluthi isivyoisha kwenye desimali za kawaida. Jumlisha 0.1 mara kumi kwenye kompyuta, mara nyingi utapata 0.9999999999999999. Kwa hiyo uzito wa korosho usiuweke kwa kilo zenye nukta, uweke kwa gramu, namba nzima. Pakiti ya robo kilo ni gramu 250, yaani 11111010, inaenea kwenye safu moja ya bao. Nusu kilo ni kete zilezile, kila moja imesogea shimo moja kushoto, na ya mwisho inataka shimo la tisa.