Unataka nyumba ya shamba ya mbao Uingereza? Anza kuinama

Tuliponunua hii nyumba huku Kent mi nilichoangalia ni jiko na bustani, ndo kosa langu la kwanza. Nyumba ya miaka ya 1400, nguzo za mwaloni zinaonekana nje, kuta nyeupe, kila aliyekuja alipiga picha ila hakuna aliyeinama, na ugonjwa wa nyumba hizi mara nyingi unaanzia miguuni.

Yaani nguzo zote zinakaa juu ya boriti nene iliyolazwa kwenye msingi mfupi wa mawe au matofali. Hiyo boriti ikioza nguzo zinashuka polepole, milango inagoma kufunga, na wewe unalaumu bawaba (nilizibadilisha mara mbili!). Siku seremala alipokuja akachoma bisibisi pale chini ikazama mpaka mpini kama kwenye papai lililoiva.

Sababu? Simenti. Aliyetutangulia alipiga plasta ya simenti nje eti kuzuia mvua, kumbe mbao inacheza, yaani inatanuka na kusinyaa, ila simenti haichezi, kwa hiyo panafunguka nyufa nyembamba pembeni ya kila nguzo, maji yanaingia humo na yakishaingia hayana pa kutokea. Chokaa inapumua, ikilowa inakauka. Ukiona simenti kwenye nyumba ya hivi dai wapunguze bei au ondoka.

Tuliibomoa simenti yote, nyuma yake tukakuta fito, udongo, majani makavu na mavi ya ng'ombe. Seremala akaanza kunielezea taratibu kama mtoto wa shule, nikamwambia kaka, hii kwetu Muheza tunaita kukandika, bibi yangu alikuwa anafanya kwa mikono. Kuanzia hapo yeye anachonga, mi nakandika.

Na usikubali mtu akuambie nguzo nzima itoke. Sisi tulikata palipooza tu tukaunga kipande kipya cha mwaloni, kwa ulimi unaoingia kwenye tundu na vigingi vya mbao, kama walivyofanya mafundi walioijenga. Wao walichonga mti ukiwa bado mbichi maana mwaloni ukikauka unakuwa mgumu balaa. Chungulia kwenye maungio utaona alama kama nambari za Kirumi, kwa sababu fremu iliunganishwa kwanza chini, ikafunguliwa, halafu ikasimamishwa kwa kufuata namba.

Kibali nacho usipuuze. Yetu iko kwenye orodha ya majengo yanayolindwa, daraja la 2, na kubadilisha sura yake bila ruhusa ya halmashauri ni kosa la jinai, tena wanaweza kukuamuru wewe urekebishe alichoharibu mwenye nyumba wa zamani.

Halafu panda darini na tochi. Ukikuta kenchi nyeusi kwa masizi USISUGUE. Mimi nilishashika brashi, mume wangu akanidaka. Masizi yale ni historia, yanatoka enzi ukumbi ulipokuwa wazi mpaka paani, moto unawaka sakafuni katikati, moshi unajitafutia njia yenyewe; dohani nyingi ziliingizwa baadaye, miaka ya 1500 hivi.

Kama unataka kuona ilikuwaje, nenda Singleton, West Sussex, kwenye jumba la makumbusho la Weald and Downland. Kuna nyumba inaitwa Bayleaf, ilifunguliwa kipande kwa kipande kutoka Chiddingstone, Kent, kupisha bwawa la maji, ikasimamishwa upya pale. Nilipoingia moto ulikuwa unawaka katikati ya ukumbi, nikatoka macho mekundu na nguo zinanuka kama nimeshinda jikoni kwa bibi.