Jiwe la radi: tazama ndani kabla ya nje

Ndugu mleta mada ameuliza kama kibomba cha kijivu alichouziwa Moshi kwa jina la jiwe la radi ni fulguriti ya kweli, yaani bomba la kioo linaloundwa radi inapopiga mchanga, lakini ameeleza sura ya nje tu. Mimi ni dalali wa madini hapa Arusha, na kwa uzoefu wangu sura ya nje ndiyo inayodanganya zaidi.

Radi inapopiga mchanga wenye kwazi (madini ya quartz) nyingi, joto huzidi nyuzijoto 1,700 za Selsiasi zinazohitajika kuuyeyusha, kisha hewa na mvuke vinavyotanuka ghafla huusukuma uji huo pembeni, ndiyo maana katikati hubaki uwazi. Kwa kuwa unapoa upesi mno, fuwele hazipati nafasi ya kujipanga. Kinachobaki ni kioo, na ukuta wa ndani hung'aa kama chupa, ukiwa na viputo vinavyoonekana vizuri kwa lenzi. Upande wa nje hukwaruza, kwa sababu umegandwa na chembe ambazo hazikuyeyuka, na mara nyingi una mikunjo ya urefu iliyotokana na mchanga kulibana bomba lingali laini. Mwanasayansi Mwingereza Charles Darwin aliiona mikunjo hiyo kwenye mabomba ya Maldonado, Uruguay.

Kipenyo cha bomba huwa cha milimita kadhaa hadi sentimita chache. Urefu usikusumbue: Florida, Marekani, mwaka 1996 walichimbua bomba lenye matawi ya takriban mita 5, lakini kuta ni nyembamba na huvunjika ovyo, kwa hiyo sokoni utakuta vipande.

Rangi hufuata mchanga. Mchanga wetu wa volkano una chuma kingi kinachokipa kioo rangi nzito, hivyo kibomba cheupe kinachosemekana kimetoka humo kingenitia shaka. Chako cha kijivu bado hakijahukumiwa.

Kinachofanana nacho sana ni chokaa iliyoganda kuzunguka mizizi ya mimea, ambayo nayo huacha kibomba chenye tundu. Kwangua unga kidogo, udondoshee siki: chokaa itatoa povu, kioo hakitashtuka. Kisu pia huchora chokaa kwa urahisi.

Muuzaji akidai alikibandua kwenye mwamba wa mlimani, usimwamini. Juu ya mwamba radi huacha utando mwembamba wa kioo, au vitundu vilivyotandwa kioo ndani ya jiwe lenyewe, wala si bomba la kubandua na kutia mfukoni.