Kuuzunguka Mlima Kenya ukiwa na begi jepesi

Njia ya kuvizunguka vilele vya Mlima Kenya si ndefu. Ni kama kilomita 10, na ukiitazama kwenye ramani utadhani ni ya kumaliza kabla ya chakula cha mchana. Shida ni kwamba inapita kati ya mita 4,200 na karibu 4,800, ikipanda na kushuka mabega ya volkano iliyozimika zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita. Huko juu kila kilo ya ziada utaisikia kifuani kabla hujaisikia mgongoni. Ndiyo maana mimi ni bahili wa uzito, ila ubahili wangu hauendi kila mahali. Vitu vya mchana napunguza bila huruma. Vitu vya kulalia sivigusi.

Tuko kwenye ikweta, kwa hiyo usiku ni mrefu mwaka mzima. Jua likizama mnamo saa kumi na mbili unusu jioni, baridi inashuka papo hapo na hakuna anayebaki nje kupiga soga. Utalala chali kwa muda wa saa kumi, pengine kumi na moja, huku maji yakiganda kwenye chupa. Mfuko wa kulalia uwe wa kustahimili angalau nyuzi tano chini ya sifuri, na chini yake pawe na kitu cha kuzuia baridi ya ardhi. Mkeka wa yoga uliokatwa kuanzia mabega hadi magoti hufanya kazi hiyo vizuri; chini ya miguu tandika begi lenyewe. Weka jozi moja ya soksi ya kulalia tu, isikanyage kiatu kamwe.

Watu hudhani vifaa vyepesi ni vya wenye pesa. Nenda Toi au Gikomba, masoko ya mitumba ya Nairobi, asubuhi robota zikifunguliwa, kabla kamera, yaani nguo bora kabisa za robota, hazijachukuliwa. Makoti ya manyoya ya bata yanapatikana, na wauzaji wengi huyapanga bei sawa na yale mazito ya sponji. Likamate koti, likunje ngumi moja, uliachie: zuri linafura tena mara moja, bovu linabaki na mabonge. Kisha liinue juani. Ukiona mwanga unapita kwenye vyumba vingi vilivyoshonwa kwenye koti, manyoya yameisha, rudisha. Koti zuri la aina hiyo halifiki nusu kilo na litakufaa kuliko sweta tatu. Jinzi usibebe kabisa. Ikilowa haikauki hadi urudi mjini Nanyuki.

Kwa hema, tafuta mwenzako mgawane: mmoja kitambaa, mwingine nguzo na vigingi. Na mwenzako si wa hiari hata hivyo, maana KWS, shirika la wanyamapori linalosimamia hifadhi hii, hawaruhusu mtu kupanda peke yake. Kuna vibanda pia, Old Moses na Shipton's kwenye njia ya Sirimon, Mackinder's kwenye bonde la Teleki, na Austrian Hut chini kidogo ya Point Lenana, kilele wanachofika wapandaji wa miguu, kwa hiyo inawezekana kuzunguka bila hema. Mimi sipendi. Agosti na Desemba vitanda hujaa, na ukungu ukikukamata kati ya kibanda na kibanda, hema ya kilo moja na nusu inaonekana nyepesi sana. Bila chakula, maji na gesi, begi langu huwa kilo saba hivi, na sijaona sababu ya kulazimisha lipungue zaidi.

Jikoni ndiko watu wanabeba mizigo ya ajabu. Kwenye mita 4,200 maji huchemka yakiwa na joto la nyuzi 86 hivi, si 100. Maharagwe sahau. Mchele utauchemsha mpaka gesi iishe na bado punje ina kiini. Beba vitu vinavyohitaji maji moto tu: uji wa wimbi, tambi za dakika mbili, viazi vya unga, sukuma uliyoikausha nyumbani. Chapati za kutoka nyumbani hukaa siku kadhaa kwenye baridi ile bila kuharibika. Zipake siagi ya karanga, zikunje, na hiyo ndiyo chakula cha mchana. Makopo yaache dukani. Sufuria moja ya lita moja inatosha watu wawili. Mtungi mdogo wa gesi ulale nao ndani ya mfuko, la sivyo asubuhi utawaka kwa kusitasita.

Maji nayo usiyabebe kama unavuka jangwa. Kila saa moja au mbili unakutana na kijito au kiziwa: Hausburg, Two Tarn, Square Tarn, Simba. Lita moja mgongoni yatosha, mradi una chujio, kwa sababu karibu na kambi watu hawana adabu. Chujio nalo lilale nawe; likiganda hupasuka ndani bila wewe kuona.

Kwa mwelekeo, mimi hutoka Shipton's kwenda magharibi, nikapanda Hausburg Col (col ni pengo la kuvukia kati ya vilele) iliyo karibu mita 4,600, nikashukia Two Tarn na bonde la Teleki, nikalala Mackinder's. Kesho yake ni kupanda hadi Austrian Hut, ambako utaona kilichosalia cha barafu ya Lewis (kaitazame sasa), Lenana alfajiri, kisha kurudi kwa Simba Col. Anza kutembea mapema kila siku, kwani mawingu hukusanyika kuanzia adhuhuri hata Januari na Februari, miezi ninayoipenda zaidi.

Begi jepesi lina hatari yake: miguu itaenda haraka kuliko mapafu yanavyozoea. Kutoka lango la Sirimon hadi Shipton's kwa siku mbili ni haraka mno kwa wengi. Ongeza usiku mmoja njiani kabla ya kuanza mzunguko. Kichwa kikiuma na chakula hakikai tumboni, shuka, usibishane nacho.

Mengine ni madogo. Chakula kitundike, maana pimbi wa kambini hawaogopi mtu na wanatafuna begi kufuata harufu ya karanga. Viatu vya kukimbilia vinatosha msimu wa kiangazi, ila vaa kitu cha kufunika kifundo, changarawe ya kushuka Lenana inaingia hadi kwenye soksi. Na kata kucha za miguu siku mbili kabla ya kuondoka. Mteremko wa kurudi Sirimon ni zaidi ya kilomita 20, na vidole vitagonga mbele ya kiatu njia nzima.