Hita ya maji inayovuja: tafuta kwanza tone linatoka wapi

Ndugu mleta mada, umeeleza kwamba hita yako ya lita 50 imeanza kudondosha maji na fundi amekushauri ununue mpya. Kabla hujatoa fedha, soma yaliyonikuta, kwa maana nami niliambiwa hivyo hivyo, kumbe kilichokuwa kimekufa ni mpira mmoja.

Hita yangu imefungwa juu ya mlango wa bafu, katika nyumba ya Kigamboni inayotumia maji ya kisima yenye chumvi. Asubuhi moja nilikuta marumaru zimelowa na mchirizi wa kutu ukishuka ukutani. Nilizima umeme kwenye saketi breka, si kwenye swichi ya bafuni pekee, kwa sababu maji yakifika kwenye nyaya hata bomba la kuogea laweza kukupiga shoti. Kisha nikafunga koki ya maji baridi.

Fundi wa kwanza aliona matone kwenye kitundu cha valvu ya usalama, akakiziba kwa kijiti alichokizungushia tepu. Hilo usikubali kufanyiwa. Maji yakipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 60 huongezeka ujazo kwa takriban asilimia moja na nusu, kwa hiyo tangi la lita 50 huwa na kama robo tatu ya lita isiyo na pa kukaa, na kwa kuwa valvu hiyo hairuhusu maji kurudi kwenye bomba, ziada hutokea kwenye kitundu hicho. Kikizibwa, tangi linaweza kupasuka. Kwangu maji yalizidi kutoka chini, naye akatangaza kwamba hita imekwisha.

Niling'oa kile kijiti, nikafuta hita nzima kwa kitambaa, nikazungushia karatasi laini ya chooni kila kiungo, kisha nikafungulia maji umeme ukiwa bado umezimwa. Baada ya nusu saa karatasi za kwenye nati za mabomba zilikuwa kavu kabisa. Iliyolowa ni ile iliyogusa sahani ya chini inayoshika koili.

Fundi wa pili, mzee asiye na maneno mengi, aliacha maji yapoe, akayamwaga kwenye ndoo huku bomba la maji moto likiwa wazi ili hewa iingie, ndipo akafungua sahani. Koili ilitoka imevaa magamba meupe kama birika la chai lisilosuguliwa miaka mingi. Ile fimbo ya magnesi, ambayo huwekwa ili iliwe yenyewe badala ya chuma cha tangi, ilikuwa imebaki waya mtupu. Alikwangua magamba, akabadilisha fimbo na ule mpira unaoziba kati ya sahani na tangi, akajaza maji mpaka bomba la moto likaacha kukohoa hewa, na hapo tu ndipo aliporuhusu umeme urudishwe, maana koili ikiwashwa tangi likiwa tupu huungua.

Kwa hiyo fanya jaribio la karatasi. Ikiwa maji hutoka kwenye valvu wakati hita inapasha tu, unganisha kijimpira kiyapeleke kwenye mfereji wa bafu. Yakitoka usiku na mchana hata hita ikiwa baridi, badilisha valvu, ambayo bei yake haikaribii ya hita. Ila ukiona viungo na sahani ni vikavu na maji yenye kutu yanachuruzika kutoka ndani ya ganda la nje, fundi wako amesema kweli: tangi limetoboka. Usikubali kulichomelea, kwa kuwa moto huharibu utando wa ndani unaolilinda na kutu, na litatoboka tena kando ya kiraka.

Tuambie karatasi imelowa wapi, na kama unatumia maji ya kisima au ya bomba.