Harusi Mbili Jumamosi Moja, na Kote Nishasema Ntakuja

*Assalamu aleikum shangazi. Mie ni msichana wa miaka 26, twakaa Kisauni. Shoga yangu tuliesoma nae chuo cha Kurani tangu wadogo anaolewa Mfungo Mosi huu baada ya Idd, kupamba kwake ni Jumamosi usiku Mtwapa. Aliniambia tangu Rajabu, akaniomba nikae nae siku nzima nimvishe na nimtoe, mamake alifariki mwaka jana na dada hana. Sasa binti ya khaleti yangu, dadake mama, tuliolelewa nyumba moja Kibokoni, harusi yake nayo imewekwa Jumamosi hiyo hiyo, ukumbi huku mjini. Mama asema nisipoonekana kwa khaleti ntakuwa nimemvua nguo mbele za watu. Sare zote mbili nishanunua na wote wawili nishawaambia ntakuja. Nafikiria niingie kwa binti ya khaleti mapema halafu nichukue tuktuk mbio mpaka Mtwapa. Zimebaki wiki mbili na usingizi sipati.*

Waaleikum salaam mwanangu. Kwanza hilo la tarehe usijilaumu hata kidogo. Watu hawaoani Ramadhani, wenye haraka wanamaliza mwezi wa Mlisho, kabla ya Ramadhani, na waliobaki wote wanangojea Idd ipite, tena kuna jamaa wa Nairobi na wa Uarabuni ambao hawaji mpaka watoto wafunge shule. Na mwaka wetu wa Kiislamu warudi nyuma kama siku 10 au 11 kila mwaka, ndio maana miaka hii Mfungo Mosi umekuja kukaa karibu na likizo ya Aprili, 2024 Idd yenyewe ilikuwa Aprili, 2025 ikawa mwisho wa Machi, basi Jumamosi za kuolea ni zile nne tano na kumbi ni zile zile, kila nyumba hapa Mombasa ina kadi tatu juu ya friji saa hizi.

Lakini lile la kuwaambia wote wawili ntakuja, hilo ni lako, na nadhani ndilo linalokukosesha usingizi.

Hebu tuihesabu hiyo Jumamosi yako. Kadi ya binti ya khaleti najua itakuwa imeandikwa saa mbili usiku. Wewe ushaona wapi bibi harusi wa Mombasa akatoka saa mbili? Saa mbili kina mama ndio wanaanza kushuka kwenye magari na mabuibui yao, saa tatu wanasalimiana na kutafuta viti, bibi harusi akitoka mapema ni saa nne. Na kule Mtwapa ni saa hizo hizo. Kati ya ukumbi na ukumbi kuna zaidi ya kilomita 15, uvuke daraja la Nyali, upite Kongowea, Bamburi, Shanzu, Jumamosi usiku wakati kila mtu yuko barabarani, wewe peke yako kwenye tuktuk na dhahabu mwilini. Utaondoka mjini binti ya khaleti hajatoka na utafika Mtwapa shoga yako ashatolewa zamani. Na yeye hakukuomba uje usiku, alikuomba umvishe, na kuvishwa kunaanza mchana na piko, ile rangi nyeusi ya mikononi, zikiwa bado hazijakauka vizuri.

Mie nilifanya hivyo hivyo nikiwa na umri kama wako. Wifi yangu Tudor, rafiki yangu Likoni, nikajiambia ntawahi kote. Nilipofika kwa rafiki yangu walikuwa washaanza kuvunja jukwaa, maua yako chini, watoto wanaokota. Alinishika mkono akaniambia, nilikuwa nakuangalia mlangoni kila pazia likifunuliwa. Hakunikasirikia. Ni miaka mingi sasa na mpaka leo nikiona picha za siku ile najitafuta, na simo.

Kwa hiyo Jumamosi usiku nenda Mtwapa. Nakwambia wazi na sikwambii kwa sababu urafiki wapita udugu, maana sio. Nakwambia kwa sababu aliesema nawe mwanzo ni yeye, na hata masheikh wetu wafundisha kuwa ukialikwa na wawili umwitike aliekutangulia. Halafu angalia kazi yenyewe. Kwa khaleti, bibi harusi atatoka na mamake mzima, Alhamdulillahi, na makhaleti, na mabinti wa ami, na somo wake aliemfunda, na mamako pia, watu wa kumtengenezea shela na kumfuta jasho wako hata wanagombania. Yule mwengine ile saa ya kufungwa shela na kufukizwa udi, saa ambayo kila msichana ageuka kumtafuta mamake, atageuka amuone nani? Amekuchagua wewe ukae hapo. Hilo si jambo la kuachia kiti kitupu.

Na binti ya khaleti je? Hapa ndipo nataka unisikize sana, manake vijana wa sasa mmeifanya harusi ni ule usiku mmoja wa ukumbi na picha. Nyanya yangu akitusimulia zama za daraja la Nyali la kuelea, kabla hili la sasa kufunguliwa 1980, wakialikwa ng'ambo walikuwa wanakwenda na virago vyao, wanalala nyumba ya harusi wiki nzima, na mtu akihesabiwa kuwa alikuja alihesabiwa kwa vitunguu alivyomenya. Siku hizo bado zipo, ni wewe tu unaziruka. Kuna kusingwa, kuna siku ya hina, kuna nikahi, kuna kupika. Chukua ruhusa kazini, kuanzia Jumatano uhamie Kibokoni kwa khaleti, kama ulivyolelewa. Ile singo umsugue wewe. Usiku wa hina ukae nae mpaka alfajiri, hawezi kujikuna wala kushika kikombe, umnyweshe chai wewe. Siku ya nikahi uwe jikoni mapema unakuna nazi na kukaanga mahamri kabla wageni hawajafika. Na fungate ikiingia wewe ndie ubebe sinia ya chakula umpelekee, uketi nae umsikize. Mwanamke aliefanyiwa hayo hawezi kusema hukuja harusini kwake.

Sasa mamako. Usimuone mkali, mimi namfahamu vizuri sana. Anachoogopa ni ile meza ya kina mama, wale wanaoangalia nani kaja na nani hakuja, na ataulizwa yeye, hutaulizwa wewe. Tena ana deni kwa dadake, mmelelewa kwake, sijui mlikaa miaka mingapi lakini deni la kulea ni zito na mtu hulilipa kwenye harusi na matanga. Ukimwambia tu mama mie siendi, umemuacha na hilo deni mkononi. Mwambie mkiwa wawili, sio mbele ya ndugu zako, umwambie nishakosea nimeitika kote, nimeamua hivi, na nataka twende pamoja kwa khaleti nikamuombe radhi mwenyewe nawe ukiwepo. Akishaona dadake amesikia kutoka mdomoni mwako, akiulizwa Jumamosi atakuwa na jibu la kusema, kwamba mwenyewe khaleti yake ajua na ameridhia.

Kwa khaleti nenda kwa miguu yako, voisinoti usitume. Chukua pea ya leso nzuri pale Biashara Street, na usome jina la leso, yale maneno yaliyoandikwa, kabla hujalipa tafadhali, usije ukapeleka fumbo bila kujua ikawa vita vyengine. Mwambie kuhusu shoga yako na mamake, hivyo hivyo bila kupamba maneno, yeye ni mama na ana binti, atafahamu haraka kuliko unavyodhani. Anaweza kununa, ukapewa na maneno mawili matatu, yapokee, usijibu. Akikataa kabisa usibishane nae, mfate nyanya yako kama yuko hai au mkubwa yeyote anaesikizwa pale nyumbani akuzungumzie, ila msimamo usibadilishe tena, manake ukibadilisha mara hii utakuwa umewadanganya watu wawili mara mbili.

Bibi harusi mwenyewe umwambie siku hiyo hiyo, asije akalisikia kwa mtu. Na umuulize swali moja, siku gani katika wiki yako ya harusi wataka niwe na wewe tu, sio mtu mwengine? Atakayoitaja ni yako, hata kama ni ya kwenda kuchukua nguo kwa fundi.

Sare ya kwa khaleti mpe mdogo wako au binamu aliekosa, isikae kabatini na pesa zako zimo. Mchango toa wote ulioahidi, na cha kumtunza kitie kwenye bahasha umpe mamako amtunze kwa jina lako pale jukwaani, asikike akilitaja. Na usiku ule kule Mtwapa simu itie kwenye mkoba, usiweke kitu status, hata shela, hata sahani ya biriani. Khaleti akishakusamehe mchana usimuonyeshe saa sita za usiku ulivyokuwa wafurahi kwengine.

Wiki mbili zatosha, lakini si za kupoteza hata siku. Leo mamako akishaswali Isha, kabla hajaenda kulala, mtilie chai ukae nae.